Vumbi Lililooshwa

Tundu lile lilitosha kumpitisha mtu mzima. Lilikuwa juu kabisa ya mahali alipokutwa Mzee Muhdhar, Mola amrehemu, amelala kifudifudi na kisogo kimefunguka kama dafu lililochanjwa kwa panga butu. Mwanga wa asubuhi ulipenya humo ukatua juu ya sakafu ya jiko, ambayo wenyewe walikwisha kuisugua kwa sabuni na mchanga. Na pembeni mwa ukuta vipande vya paa, vya rangi ya kijivu, vinene kama kidole cha mtoto, vilikuwa vimefagiwa vikarundikwa pamoja.

Inspekta Chausiku Mbonde alisimama ndani ya mwanga ule, akainua uso, akauinamisha, kisha akamgeukia msaidizi wake.

"Fredrick, nieleze tena habari tuliyopewa. Usiipambe."

Sajini Fredrick, pande la mtu kutoka Bukoba, alikohoa kidogo. "Afande, mwenye habari ni Khalil, mtoto wa nduguye marehemu, anayekaa humu. Anasema juzi asubuhi ami yake alipanda juu ya paa hili pamoja na fundi Kornelio, amwonyeshe panapovuja. Huko juu wakatoleana maneno. Kornelio akamsukuma mzee, bati likakatika, mzee akapita nalo. Khalil alikuwa sebuleni, akasikia kishindo. Kuja, anamkuta Kornelio amempakata maiti, damu mpaka viwikoni. Akapiga ukelele. Majirani wakaingia."

"Wakafanya nini?"

"Walichozoea kufanya."

Walichofanya, Chausiku alikwenda kukitazama kwa macho yake hospitalini. Walimburuta Kornelio kwa miguu hadi barabarani, kichwa kikigonga kila kidato cha ngazi. Wakampiga kwa mirunda ya kujengea, kwa matofali, na mmoja wao kwa mnyororo wa baiskeli. Taya lilivunjika pande zote mbili, mbavu zikaingia ndani, jicho la kushoto likafunikwa na nyama iliyovimba. Tairi lilikwisha kuletwa na petroli inatafutwa, ndipo gari la polisi lilipofika. Sasa alikuwa kitandani chini ya ulinzi, hawezi kutamka neno, na mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani pake kesho asubuhi ili fundi huyo asomewe shitaka la kuua kwa kukusudia. Anayepatikana na hatia ya shitaka hilo, adhabu yake kwa sheria ya nchi ni kitanzi.

Katika purukushani ile, mzee mwenyewe akazikwa. Askari waliotangulia walishughulika na majeruhi, wakaona haya kuzuia maiti ya Mwislamu isistiriwe. Akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, na Alasiri ikamkuta yumo kaburini. Hakuna daktari aliyemwona.

"Basi, Afande," alisema Fredrick, "ushahidi wetu wote uko makaburini. Tuombe amri ya mahakama, tufukue."

"Hamfukui."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Wafa, binti pekee wa marehemu, aliyekuja kwa msiba kutoka kwa mumewe Kigamboni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alisimama wima ndani ya buibui lake kama mlingoti.

"Baba amelazwa ubavu wake wa kulia, ameelekezwa Kibla. Nyie mkamtoe, mmlaze chali, mumpasue? Nitalala mie juu ya kaburi lile. Mnifukue mie kwanza."

"Na Kornelio akinyongwa naye hana kosa?" Chausiku aliuliza kwa upole.

"Kornelio ni Mkristo, lakini kila Ramadhani alikuwa akifuturu hapa kwetu. Baba akimwita mwanangu. Siamini kwamba ni yeye. Lakini kaburi, dada yangu, hapana."

"Basi nipe kitu kingine. Kitu chochote kilichougusa mwili wa babako siku ile, nacho hakimo kaburini."

"Nguo zake Khalil alizichoma. Alisema zina damu, zinamtia uchungu."

Fredrick aliliandika hilo katika daftari lake.

Wakati huo Bi Jovina Kamugisha alikuwa amekwisha kupanda ngazi ya mbao nje ya jiko. Alikuwa mkemia, mwanamke wa makamo mwenye miwani mizito, na aliyemwita mara ya kwanza si polisi bali ni Mzee Muhdhar mwenyewe, siku chache kabla ya kufa kwake. Mzee alikuwa amesikia kwamba mapaa ya zamani ya kijivu, yale ambayo watu huyaita mabati ingawa hayana chuma ndani yake, yalitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto. Na kwamba yakivunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana, ambazo huingia mapafuni zikakaa humo hadi zimwue mtu miaka mingi baadaye. Alitaka mabati yake yapimwe kabla hayajavunjwa. Jovina alipofika alikuta matanga. Chausiku akamwomba asiondoke.

Jovina alivaa barakoa na glavu. Alinyunyiza maji yenye sabuni kwenye ukingo wa tundu hadi ukalowa, akabana kwa kibanio kipande kisichozidi ukucha, akakitia ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ule ndani ya mfuko mwingine. Kisha akakifuta kibanio kwa kitambaa kibichi.

"Mbona unalibembeleza hivyo, mama?" Fredrick alimwuliza kutoka chini. "Sie kwetu tuliezeka kwa nyasi. Nyasi hazijamwua mtu."

"Zikiwaka je?"

"Mtu anakimbia."

"Vumbi la asbesto hulikimbii, kijana. Hulioni." Aliteremka. "Afande, kwa macho siwezi kusema kama hii ni asbesto au siyo. Yapo mapaa ya baadaye, yaliyochanganywa na nyuzi za mimea badala ya asbesto. Rangi moja, mawimbi yale yale. Ukungu ukishaota juu yake na moshi ukiyala, hata aliyeyatengeneza hayatambui. Hadubini ndiyo inayohukumu."

"Ni yale yale tu!"

Khalil alikuwa ameingia uani. Alikuwa mwanamume wa miaka arubaini hivi, mnene wa mabega, kanzu yake imepigwa pasi, na kitambaa kikubwa amejifunga mkono wa kulia. Aliwapa salamu, akamsogelea Chausiku kwa heshima. "Afande, shikamoo. Nyumba hii aliijenga babu yangu, na mabati yote yalikuja kwa lori moja. Ya nyumba kubwa tumekwisha kuyashusha tukaezeka mapya; yale ya zamani yamo ndani ya stoo ile pale nyuma. Ya jiko ndiyo yaliyobaki. Mnapima nini? Ami kafa kwa kusukumwa, hakufa kwa vumbi."

"Marahaba. Mkono umefanyaje?"

"Nilikuwa nachimba, siku ya msiba. Jembe likaniparuza."

"Na hiyo stoo, nani huingia?"

"Haiingiwi. Ufunguo ninao mie peke yangu, Kornelio akiutaka huja kuniomba. Siku ile hakuuomba."

"Na marehemu?"

Khalil akatoa kicheko kidogo kisicho na furaha. "Ami? Ami alikuwa akiyaogopa mabati yale kama ukoma. Hakuwahi kukanyaga humo tangu yalipoingizwa. Wallahi."

Alifungua stoo kwa hiari yake. Ndani mlikuwa na rundo: mabati machache mazima yameegemezwa ukutani, na mengine yamekuwa vigaevigae hadi magotini. Jovina aliwazuia wote mlangoni, akanyunyiza maji, akachukua kipande kimoja kama alivyochukua cha kule jikoni.

"Yalivunjikia wapi haya?" aliuliza.

"Yakishushwa. Mafundi wa siku hizi, unawajua."

Jovina hakujibu, lakini Chausiku alimwona akiinamia kigae kimoja kilichokuwa na shimo la duara katikati, nyufa zikitawanyika kutoka hapo.

Khalil alipokwenda zake, Wafa aliwafuata hadi penye gari. Aliongea kwa sauti ya chini. "Amekosea kusema mabati ni ya lori moja. Hakusudii uongo, hajui tu. Jiko la babu liliungua moto. Mama yangu alikuwa hai bado, Khalil yuko Maskati akifanya kazi. Baba akalijenga upya palepale, akaezeka mabati yanayofanana na ya zamani, kwa kuwa mama hakutaka nyumba iwe na viraka. Khalil aliporudi alikuta moshi umekwisha kulisawazisha."

"Amewahi kuambiwa?"

"Nani amwambie mwanamume habari za jiko?"

Chausiku alisimama na mkono wake juu ya mlango wa gari. Alikuwa mtoto wa Kizaramo, na bibi yake aliyemlea alikuwa mwosha wa maiti za kike. Alimwuliza Wafa swali moja tu: "Babako alioshewa wapi? Msikitini au nyumbani?"

"Nyumbani. Hapo uani, nyuma ya pazia. Khalil alishikilia iwe nyumbani, tena haraka."

"Na aliyemwosha?"

"Maalim Shaweji."

*

Maalim Shaweji alikuwa akifundisha watoto barazani kwake, si mbali na hapo. Aliwaachia ruhusa wakatawanyika kama kuku, akamkaribisha Chausiku kwenye jamvi na Fredrick kwenye kiti, maana aliona kwamba magoti ya Sajini hayakuzoea jamvi. Baada ya shikamoo na marahaba na pole za msiba, Chausiku akaingia katika shauri lake.

"Maalim, nimekuja kukuuliza juu ya maiti ya Mzee Muhdhar."

"Rudi ulikotoka, binti yangu."

"Mtu atanyongwa, Maalim."

"Mwosha ni mwenye amana. Anachokiona mwilini, kizuri atasema, kibaya hukizika pamoja na mwenyewe. Nimeosha wenye vidonda, nimeosha walioliwa na treni, nimeosha waliokufa pasipopendeza. Hujasikia neno langu juu ya hata mmoja wao. Nikilisema la huyu, nani ataniamini na baba yake kesho?"

Fredrick alifungua mdomo. Chausiku alimnyamazisha kwa jicho.

"Sikuulizi juu ya mwili," alisema. "Mwili ni amana yako. Nakuuliza juu ya maji."

Maalim aliinua uso. "Maji?"

"Maji uliyomwoshea. Yaliposhuka, yalikuwa na rangi gani?"

Mzee yule akavuta uradi wake, punje moja ya tasbihi, ya pili. Kutoka barabarani ulisikika mlio wa mashine ya kuchomelea vyuma. "Maji si maiti," alisema hatimaye, kana kwamba anajisomea hukumu. "Fungu la kwanza la maji lilikuwa jekundu, hilo halishangazi. Lakini lilikuwa zito. La kijivu, kama maji ya fundi mwashi anapoosha mwiko. Nilirudia kichwani mara nyingi kuliko desturi. Kila nikidhani nywele zimetakata, kitambaa kinatoka na tope. Ndevuni, masikioni, ndani ya pua. Nilitumia vitambaa vyote nilivyokwenda navyo."

"Na vitambaa umevipeleka wapi?"

"Viendapo vyote. Ufuoni."

Fredrick hakustahimili tena. "Ufuo ndio nini?"

"Shimo, Sajini," Chausiku alimjibu bila ya kumwondolea Maalim macho. "Huchimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti. Maji yote yanayomteremkia hutiririkia humo, yasikanyagwe na watu wala kulambwa na mbwa. Vitambaa vya mwosha hutupwa humo, sabuni na pamba vilevile. Kisha hufukiwa siku ileile."

"Na aliyelichimba ni nani?"

"Ndugu wa maiti huchimba," alisema Maalim. "Alichimba Khalil kwa mikono yake, akafukia kwa mikono yake. Nilimhurumia, alikuwa akivuja damu kiganjani hata kabla ya kulishika jembe."

Chausiku alisogea mbele juu ya jamvi. "Nikuulize la mwisho, Maalim, kwa elimu yako. Ufuo ni kaburi?"

"La. Ufuo ni shimo la maji." Alifikiri. "Lakini mlifukue kwa adabu. Na binti wake aridhie."

*

Binti aliridhia. Alisimama mwenyewe uani, mgongo ameupa ukuta, akawaonyesha pahali ambapo udongo ulikuwa na rangi nyingine. Khalil alikuwa ametoka kutafuta gari la mizigo. Fredrick alilishika beleshi na, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakufanya mzaha. Udongo wa juu ulikuwa mwepesi. Chini yake ukafuata utandu mgumu wa kijivu, kama saruji iliyomwagwa ikaganda, na ndani ya utandu huo vilijikunja vitambaa vyeupe vya mwosha, vimekakamaa kwa damu na vumbi.

Jovina alivitia maji, akavichambua kwa kibanio, akavifunga katika mifuko yake miwili miwili. Kitambaa kimojawapo kilikuwa na nywele za mvi zilizonasa, na penye nywele hizo kigae kidogo, ukubwa wa punje ya mchele.

"Huyu mtu alizikwa safi," alisema Jovina polepole. "Lakini kila kilichokuwa juu yake kiko hapa."

"Ndiyo," alisema Chausiku. "Khalil angemwacha alivyokuwa, tungebishana juu ya vumbi lililotawanyika. Alihimiza aoshwe haraka, akatukusanyia lote mahali pamoja."

Jovina aliondoka na mifuko yake kwenda maabara. Simu yake ilipigwa baada ya Adhuhuri, wakati Chausiku na Fredrick wanakula mihogo ya kukaanga ndani ya gari mbele ya nyumba.

"Afande, paa la jiko halina asbesto hata chembe. Ni nyuzi za mimea, bapa, zimejipinda kama utepe. Kipande cha stoo ni asbesto tupu: nyuzi zilizonyooka kama sindano, ncha zimechanuka."

"Na kitambaa?"

"Asbesto. Nywele, tope, ile punje, yote. Nyuzi za mimea nimezitafuta sana, sikuona."

"Na kile kigae chenye shimo la duara?"

"Nimekipiga picha nikaikuza. Kuanguka hakufanyi shimo namna ile, Afande. Kimepigwa nyundo. Rundo zima lilivunjwa kwa nyundo, mtu akiwa juu yake."

Chausiku akakata simu. Alifuta mikono yake kwa karatasi. "Fredrick. Mtu akipasua paa la jiko kwa uzito wake, avishwe vumbi la paa gani?"

"La jiko."

"Huyu alivishwa la stoo, hadi puani. Maana yake alikuwa akipumua bado vumbi likiruka. Na stoo ufunguo wake anao nani peke yake, kwa kinywa chake mwenyewe?"

Fredrick aliirudisha mihogo ndani ya karatasi yake. "Na Kornelio hakuomba ufunguo."

"Alitaka kutuweka mbali na stoo. Akajifungia mwenyewe ndani."

*

Walimkuta Khalil nyuma ya nyumba. Kirikuu ya mizigo ilikuwa imerudishwa kinyumenyume hadi mlangoni pa stoo, dereva hayupo, na Khalil, kanzu ameitupa, yuko ndani ya fulana anatia vigae kwa koleo katika magunia. Vumbi lilimfanya mweupe kama mtu aliyetoka kinuni.

"Unasafirisha nini, Khalil?"

"Kifusi, Afande. Kuna mtu Boko anajaza kiwanja cha chekechea."

"Acha. Fredrick, ulivyoelekezwa na Bi Jovina: tia maji kwanza, vumbi lilale."

Fredrick alitweka ndoo kutoka bombani akalimwagia rundo. Akarudia. Maji yalizama kati ya vigae, yakatafuta njia yake chini kwa chini, na baada ya muda yakachomoza ukingoni, juu ya sakafu ya saruji, karibu na kiatu cha Chausiku. Yalikuwa na rangi ya kutu. Ndoo ya tatu ilipokwisha, rangi ile ilikolea ikawa damu isiyo na ubishi, ikielekea mlangoni kwa utulivu.

Khalil aliyatazama maji, akamtazama Chausiku. Kisha mkono wake ukazama ndani ya gunia na kutoka na nyundo.

Pigo la kwanza lilimkuta Fredrick kwenye mtulinga. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu, naye akaenda chini na ndoo yake. La pili lilikusudiwa kichwa cha Chausiku. Aliinama, nyundo ikapasua mabati mazima yaliyoegemea ukutani, na stoo nzima ikajaa wingu la kijivu. Alivuta mtandio wake akaziba pua na mdomo. Ndani ya wingu lile alisikia pumzi za mtu yule, alisikia vigae vikikatika chini ya miguu yake, vikimjia. Mkono wake ulipapasa nyuma ukakuta mpini wa koleo aliloliacha Khalil. Alipouona uso mweupe ukitoka katika vumbi, alipiga kwa ukingo wa chuma, chini, penye kifundo cha mkono. Nyundo ikaanguka. Akapiga gotini. Mtu akaanguka. Akapiga tena begani alipojaribu kuinuka, na safari hii Khalil alibaki alipo, damu ikichora mifereji juu ya unga uliomfunika.

"Jiburute nje!" alimfokea Fredrick. "Usivute pumzi humu!"

Alimkokota Khalil kwa ukosi wa fulana hadi uani, akamtia pingu, akammwagia maji ya bomba kuanzia utosini. Mtu yule alikuwa akikohoa na kulia kwa pamoja.

"Alinikuta navunja kifusi cha kuuza Boko," alisema Khalil bila ya kuulizwa. "Kaniambia nisubiri vipimo. Mwezi wa ngapi nasubiri? Ami kamtuma Kornelio misumari, mwenyewe kaingia stoo kanishika mkono huu. Kaniambia: unawaua watoto wa watu, Khalil, vumbi hili litakuandama kaburini. Mbele ya nani ananiita mwuaji? Hakuna mtu. Nikampiga mara moja."

"Mara moja?"

Khalil aliinamisha kichwa. "Alikuwa akinyanyuka kila mara."

"Ukambeba hadi jikoni, ukapanda juu ukalitoboa paa."

"Niliona mabati ni yale yale."

"Kornelio akarudi na misumari yake."

"Akampakata," alisema Khalil. "Akawa anamwita baba, baba, amka. Ndipo nikapiga ukelele."

Ukelele wa mapambano ya leo nao ulikuwa umewafikia majirani. Chausiku alipogeuka aliliona lango limejaa: vijana wa kijiweni, wanawake wenye madumu, mwenye duka na shuka lake kiunoni. Habari ilipita kati yao kwa kasi ya moto wa makuti, naye aliwaona wakiinama kuokota vya kuokota.

"Kumbe ni huyu! Tupeni huyo, Afande!"

"Mtoeni tumalize kazi!"

"Kamwua ami yake, na mie nilimsaidia kumzika, mbwa huyu!"

Tofali liliruka likagonga ukuta juu ya kichwa cha Khalil. Fredrick, mkono mmoja umening'inia, alikuwa amejiegemeza langoni na bastola yake bado ndani ya mkoba. Chausiku alipiga risasi moja hewani. Walirudi nyuma hatua, wakasonga mbele tena.

Ndipo Wafa alipopita. Aliwapenya askari wote wawili, akasimama kwenye kizingiti cha lango, mikono yake ameitandaza, uso wake hauna machozi.

"Nani kati yenu alimpiga Kornelio?"

Kelele zilipungua.

"Nawauliza. Marehemu ni baba yangu mie. Mlipiga mtu kwa ajili yake, hamkuniuliza. Leo mnataka kupiga mwingine. Niulizeni basi! Nani alishika mnyororo wa baiskeli? Nani alileta tairi? Ajitokeze, anipe mkono wa tanzia."

Kijana mmoja alilitazama tofali lililokuwa mkononi mwake, akaliweka chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Mwenye duka alikumbuka duka lake. Hakuna aliyejitokeza, na baada ya kitambo hapakuwa na wa kujitokeza.

Gari la kituo lilimchukua Khalil. Lingine lilimpeleka Fredrick kufungwa mfupa wake, na Chausiku alikuwa ndani yake, akipiga simu kwa mwendesha mashtaka, kisha kwa askari wa zamu wodini: mfungueni Kornelio, mfungueni sasa, hati nitaileta mwenyewe. Wafa aliomba nafasi. Alikuwa ameoga, amebadilisha buibui, amefungasha uji katika chupa.

Wodini, Kornelio alikuwa amelala na bendeji zimemzunguka kichwa, jicho moja tu liko wazi. Pingu ilikwisha kuondolewa. Kifundo cha mkono kilikuwa na alama nyekundu. Chausiku alikwenda upande wa dirisha akamwambia kwa maneno machache yaliyokuwa yametokea, kwamba amepatikana mwenye tendo, na kwamba yeye ni huru. Jicho lile lilimsikiliza. Lilijaa maji.

Kisha Wafa akaingia mlangoni, na jicho likaona buibui na uso wa watu wa nyumba ile. Kornelio aliinua mikono yote miwili, mbavu zikimkata, akakikinga kichwa chake.

Wafa alisimama palepale. Aliiweka chupa ya uji sakafuni, taratibu, asije akafanya mlio, akabaki mlangoni akingoja mikono ile iteremke.